Maji Yakiisha Kushuka: Habari za Kale na Kusafisha Nyumba Baada ya Mafuriko

Leo twataka kuzungumza nanyi, wasikilizaji na wasomaji wetu, juu ya jambo ambalo watu wengi hulidharau. Mafuriko yakija, kila mtu huogopa maji. Watu hupanda vilimani, hubeba watoto, hufungua mbuzi na ng'ombe, na mwenye akili haambiwi mara mbili. Lakini maji yakiisha kushuka na jua likawaka tena, hofu huondoka upesi. Hapo watu hurudi mbio majumbani mwao ili waokoe magunia ya mahindi, nguo na vyombo, wala hawaulizi kama nyumba yenyewe ni salama. Habari za zamani zatuonyesha kwamba saa hiyo ndiyo saa ya hatari ya pili.

Mafuriko huua mara mbili. Mara ya kwanza huua kwa nguvu za maji, na mbele ya nguvu hizo mwanadamu hana la kufanya ila kukimbia. Mara ya pili huua polepole: kwa ukuta uliolowa, kwa kisima kilichochafuka, kwa msumari uliofichwa na tope, kwa gunia la mahindi lililoota ukungu. Mara hii ya pili imo mikononi mwetu, kwa kuwa sababu zake zimekwisha kujulikana. Nyingi katika hizo zilijulikana baada ya watu wengi kufa pasipo kujua kinachowaua. Nia yetu ni kuzisimulia habari hizo kwa taratibu, ili kila kazi ya kusafisha nyumba ijulikane pamoja na sababu yake. Maana mtu huishika kanuni aijuayo sababu yake kuliko ile aliyoamriwa tu.

Huenda wakaaji wa Kagerankanda, na wa vijiji vingine vya nchi ya juu ya Kasulu na Kibondo, wakasema, "Sisi tu watu wa vilima. Mafuriko ni shida ya watu wa ziwani na wa mabondeni." Neno hilo lina ukweli kidogo, wala si ukweli wote. Vilimani maji hayakai siku nyingi, lakini huja ghafula, na huja pamoja na udongo, mawe na magogo. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang katika mkoa wa Manyara, yakaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walikufa. Miezi saba kabla ya hapo, mwezi wa Mei 2023, mvua iliangamiza watu zaidi ya 130 katika nchi ya vilima ya Rwanda, na mamia ya watu huko Kalehe, mashariki ya Kongo. Basi mtu wa vilima asijione amesalimika kwa sababu hakai ufukoni.

Tena maji yanayotoka katika nyua zetu yana njia yao. Vijito vingi vya nchi hii ya juu huingia Mto Malagarasi, na mto huo huzunguka mwendo mrefu kupita mabwawa makubwa, ukarudi magharibi kwa njia ya Uvinza mpaka Ziwa Tanganyika. Uchafu tunaousukuma nje ya mlango wetu waweza kuwa maji ya kunywa ya mtu tusiyemjua. Jambo hili tutalirudia, kwa kuwa mji mmoja mkubwa wa Ulaya ulilisahau, ukalipa kwa maelfu ya roho.

Somo la kwanza ni kungoja, na somo hili wazee wa nchi yetu walilijua. Huko Uvinza, kando ya Mto Malagarasi, zimo chemchemi za maji ya chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba mahali hapo mwaka 1967 walikuta dalili kuwa watu wamepika chumvi huko tangu miaka ipatayo 1,500 iliyopita. Kazi hiyo ilikuwa kazi ya kiangazi. Wakati wa masika mto ulijaa na maji matamu yakafunika chemchemi, wala hapakuwa na mtu wa kushindana nayo. Watu walingoja mto ushuke na nchi ikauke, ndipo waliporudi kujenga vibanda vyao na kuwasha moto. Hawakuona kungoja kuwa ni uvivu. Kungoja kulikuwa sehemu ya kazi.

Ziwa Tanganyika nalo lina somo lake. Bwana Stanley alimkuta Daktari Livingstone mjini Ujiji mwaka 1871. Aliporudi mwaka 1876 aliona kwamba ziwa limepanda, na sehemu ya soko iliyokuwa nchi kavu imekuwa maji. Sababu yake ni kuwa Mto Lukuga, ambao ndio mlango wa pekee wa ziwa wa kutokea, ulikuwa umezibwa na udongo na majani. Mnamo mwaka 1878 kizuizi hicho kilifunguka, ziwa likaanza kushuka, na kabla ya kuisha karne ile lilikuwa limeshuka zaidi ya mita 10. Mvua kubwa za mwaka 1961 na za miaka iliyofuata zililipandisha tena. Na mwaka 2024 maji yaliingia majumbani Bujumbura, Uvira, Kalemie na katika mwambao wa Kigoma. Kwa hiyo mafuriko si ya namna moja. Maji ya mto wa mlimani huondoka kwa saa chache au siku chache; maji ya ziwa huweza kukaa miezi, hata miaka. Mtu anayeanza kusafisha kabla hajajua maji yake ni ya namna gani hupoteza nguvu zake bure, na pengine hupoteza uhai wake.

Sababu ya kwanza ya kungoja ni ukuta. Nyumba ya zamani ya Waha ilikuwa ya msonge, ya miti na nyasi. Hata ikianguka, uzito wake si mkubwa. Siku hizi watu wengi hujenga kwa matofali, mengine ya kuchoma na mengine mabichi. Tofali bichi ni udongo uliokaushwa kwa jua, na udongo huo ukilowa hurudia hali yake ya kwanza. Wala msidhani kwamba ukuta huanguka wakati maji yangali juu tu. Maji yakiwa ndani na nje huushikilia kwa pande zote mbili. Yakishuka upesi, ukuta hubaki peke yake, umelowa, umekuwa mzito, na mguu wake umelainika. Ndiyo maana nyumba iliyostahimili usiku kucha huweza kuanguka mchana wa siku ya pili, saa ile mama anapochota tope sebuleni.

Basi kabla ya kuingia, zungukeni nyumba kwa mbali na kuitazama. Je, ukuta umepasuka? Umeinama? Mguu wake umeliwa na maji? Paa limeshuka upande mmoja? Mlango umekaza usifunguke? Mlango uliokaza pengine ndio unaozuia ukuta usianguke, msiupige teke. Mkiona dalili moja kati ya hizo, msiingie mpaka fundi aitazame. Ingieni mchana, si usiku kwa kibatari, kwani mafuta yaliyomwagika au mtungi wa gesi unaovuja hushika moto kwa mwali mdogo. Watoto wasiwe wa kwanza kuingia kwa sababu ya wepesi wao. Wawe wa mwisho. Na kwa kuwa siku hizi umeme umefika hata vijijini, mtu asishike swichi wala waya akiwa amesimama katika maji au na mikono iliyolowa. Fundi wa umeme akate kwanza njia ya umeme. Hata mitambo ya jua iliyo juu ya paa hutoa umeme maadamu jua lawaka.

Sababu ya pili ya hadhari ni uchafu wa maji yenyewe, na hapa twarudi kwenye mji ule tuliouahidi, nao ni London. Katika karne ya 19 wenye elimu wengi wa Ulaya walidhani kuwa maradhi huletwa na hewa mbaya, yaani harufu ya uozo. Kwa kuamini hivyo, wakubwa wa afya wa London waliamuru mashimo ya uchafu na mifereji isafishwe, na uchafu usukumwe mpaka Mto Thames. Harufu ikapungua majumbani, lakini mto huo huo ndio uliowapa watu wengi wa mji maji ya kunywa. Kipindupindu cha mwaka 1848 na 1849 kiliua watu wapatao 14,000 mjini humo. Watu wale hawakuwa wavivu. Walisafisha kwa bidii, na kusafisha kwao kukaongeza mauti, kwa sababu walisafisha pua zao wakachafua maji yao.

Aliyeonyesha kosa hilo ni Daktari John Snow. Mwaka 1854 alihesabu wafu nyumba kwa nyumba karibu na barabara iitwayo Broad Street, akaona kwamba wengi wao walikuwa wamekunywa maji ya kisima kimoja cha bomba. Wakubwa wa mtaa waliondoa mpini wa bomba lile kwa shauri lake, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivujia kisimani. Miaka thelathini baadaye, 1883 na 1884, Mjerumani Robert Koch alikichunguza kijidudu cha kipindupindu huko Misri na Bara Hindi, na shaka ikazidi kuondoka.

Ugonjwa huo si mgeni kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1869 ulifika Unguja, na Daktari James Christie, aliyekuwa akiuguza watu huko, aliandika kitabu kilichochapwa mwaka 1876 akionyesha jinsi ulivyofuata njia za misafara na za vyombo vya baharini. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1997, mwaka uliokwisha kwa mvua kubwa za El Nino, Tanzania ilihesabu wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na zaidi ya 2,200 katika hao walikufa. Na mwezi wa Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo cha ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Kwa majuma machache walihesabiwa wagonjwa wapatao 3,000, na wapatao 30 wakafa. Kagunga hapakuwa na mafuriko ya maji. Palikuwa na msongamano wa watu na uhaba wa vyoo. Lakini mafuriko huleta hali ile ile kwa usiku mmoja: huinua uchafu wa vyoo vyote vya kijiji na kuutia katika visima vyote.

Kwa hiyo tope la mafuriko lisihesabiwe kuwa udongo wa shamba. Lihesabiwe kuwa uchafu wa chooni. Msilifagie mpaka kijitoni wala karibu na kisima. Chimbeni shimo mbali na maji, hatua 40 au zaidi, upande wa chini wa mteremko, mlifukie humo. Msikanyage juu ya choo cha shimo mpaka kimetazamwa, kwa kuwa kingo zake hulainika na kufumbukia ndani. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa, hata yakionekana meupe kama kioo. Maji ya bomba la Broad Street nayo yalisifiwa kuwa meupe na matamu. Na kisima kilichofunikwa na mafuriko kisinywewe mpaka bwana afya amekitia dawa.

Baada ya kuondoa tope, yafaa kuosha kwa sabuni, kisha kutia dawa ya klorini. Habari za dawa hii zastahili kujulikana. Mwaka 1847, katika hospitali ya Vienna, wazazi wengi walikufa kwa homa baada ya kujifungua. Daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba madaktari hutoka kupasua maiti wakaenda kuzalisha na mikono yao ina uchafu wa maiti. Akawaamuru wanawe kwa maji yaliyotiwa chokaa ya klorini. Mwezi wa Aprili wa mwaka ule walikuwa wamekufa wazazi 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa 2 tu. Wenziwe wengi hawakumsadiki, kwa kuwa iliwachukiza kuambiwa kwamba mikono yao wenyewe imeua. Lakini mwaka 1897 katika mji wa Maidstone, Uingereza, klorini ilitiwa katika mabomba ya maji ili kukomesha homa ya matumbo, na baadaye miji ya dunia nzima ikafuata.

Wanafunzi wakumbuke utaratibu wake: kwanza tope, pili sabuni, tatu dawa. Dawa ikimwagwa juu ya tope hupotea bure, kwa kuwa nguvu zake huliwa na uchafu kabla ya kufika kwenye vijidudu. Kwa sakafu na kuta ngumu, dawa ya maji ya madukani yenye klorini sehemu 5 katika 100 huchanganywa robo lita kwa lita 4 za maji, ikaachwa dakika 10 au zaidi. Fungueni milango na madirisha, vaeni mipira ya mikono na viatu vya kufunika mguu. Wala msiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo, wala na tindikali, wala na amonia. Mchanganyiko huo hutoa moshi wa sumu. Na hewa ya klorini ni ile ile iliyofunguliwa juu ya askari huko Ypres tarehe 22 Aprili 1915, ikaua wengi katika mashimo yao ya vita. Kitu kilichookoa wazazi wa Vienna kiliua askari wa Ypres. Tofauti ni kipimo na matumizi.

Na mtu akishikwa na kuhara, je? Hapa pana habari ya kutia moyo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia kambi za wakimbizi huko Bongaon, Bara Hindi. Dawa za kutia mshipani zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akawapa wagonjwa maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, na ndugu zao wakawanywesha kwa kikombe. Hapo kwanza walikuwa wakifa wapatao 30 katika 100. Baada ya hapo walikufa pungufu ya 4. Paketi za dawa hiyo hupatikana zahanati. Zikikosekana, chukueni lita moja ya maji yaliyochemshwa, mtie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, si vya kujaza kilele. Mnywesheni mgonjwa kidogo kidogo huku mkimpeleka kwa mganga. Chumvi ile iliyopikwa Uvinza tangu kale, ambayo wazee waliibeba safari ndefu kuifanyia biashara, leo twajua kuwa yaweza kumrudisha mtoto kutoka kaburini.

Hatari ya tatu imejificha ndani ya tope: misumari, mabati, vipande vya chupa. Katika udongo na samadi hukaa kijidudu cha pepopunda. Mjapani Kitasato, akifanya kazi Berlin, alikitenga kijidudu hicho mwaka 1889, na mwaka uliofuata yeye na Mjerumani Behring walionyesha jinsi ya kuwakinga wanyama na sumu yake. Katika miezi ya kwanza ya Vita Kuu ya 1914, majeruhi wengi waliolala katika mashamba yenye samadi ya Ufaransa na Ubelgiji walipata pepopunda. Sindano ya kinga ilipotolewa kwa majeruhi, ugonjwa ule ukapungua sana. Mkulima wetu anayechota tope miguu mitupu hana tofauti na askari yule. Avae viatu; asipokuwa navyo, atumie jembe na koleo, asitumie mkono. Akijikata, aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha aende zahanati siku ile ile aulize habari ya sindano, wala asingoje taya likaze. Tena nyoka hukimbilia pakavu kama watu. Fimbo itangulie mkono katika kila kona, chini ya kila gunia.

Hatari ya nne ni wanyama waliokufa. Ng'ombe aliyezama ni hasara kubwa, na moyo wa mwenye ng'ombe humwambia, "Tuchune, tule, tusipoteze vyote." Katika mwaka 1930, karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, kondoo wengi walikufa katika shamba moja, na mwaka 1931 mabwana Daubney, Hudson na Garnham walieleza ugonjwa huo, uitwao leo homa ya Bonde la Ufa. Huzuka zaidi baada ya mvua kubwa, kwa kuwa mbu wake huanguliwa maji yanapofunika mabonde, na mtu huupata kwa damu ya mnyama mgonjwa kama apatavyo kwa mbu. Baada ya mvua za mwisho wa mwaka 2006, ugonjwa huo uliingia Tanzania. Wagonjwa wengi waliandikwa katika mwaka 2007, na si wachache katika hao walikufa. Basi mzoga usichunwe wala usiliwe. Apewe habari bwana mifugo, nao ufukiwe chini sana, mbali na maji.

Hatari ya tano ndiyo ngumu kuliko zote kuikubali, maana ni chakula chetu wenyewe. Mahindi yaliyolowa hayawi salama kwa kuanikwa tu. Ukungu huota ndani yake, na namna nyingine za ukungu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, isiyoondoka kwa kupika wala kwa kusaga. Mwaka 2004, upande wa mashariki wa Kenya, mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu yaliwadhuru watu 317, na 125 wakafa. Mwaka 2016 jambo kama hilo lilitokea katikati ya Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 wakafa. Twajua uchungu wa kumwambia baba mwenye watoto sita kwamba gunia lake pekee litupwe. Ndiyo sababu shauri hili halitoshi kama majirani hawasikii. Mtu hutupa gunia bovu akijua kwamba kesho atapewa debe zima. Asipojua hivyo, atalipika gizani. Kijiji kinachotaka watu wake wasile sumu hakina budi kuweka akiba mahali pa juu na kugawana.

Mwisho ni kukausha nyumba. Watu wengine, kwa haraka ya kulala kwao, huingiza jiko la mkaa chumbani wakafunga mlango. Mfaransa Claude Bernard alieleza katikati ya karne ya 19 jinsi hewa ya sumu itokayo katika makaa inavyoishika damu isiweze kuchukua hewa njema. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Aliyelala haamki, na jirani hudhani amechoka. Kausheni kwa upepo na jua. Fungueni kila tundu. Toeni mikeka na magodoro nje. Godoro lililonywa maji machafu litupwe. Na maji yaliyobaki katika mitaro, makopo na matairi yamwagwe, kwa kuwa tangu Ronald Ross alipoonyesha mwaka 1897 kuwa vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu, hatuna udhuru wa kumfugia mbu. Yai la mbu huwa mbu kamili kwa muda wa juma moja au mawili. Anayelala nyumbani mwake siku ya kwanza na alale ndani ya chandarua.

Tukizikusanya habari hizi zote, twaona utaratibu mmoja. Ngojeni maji yaondoke kwa kweli. Tazameni ukuta kabla ya kuingia. Kateni umeme. Ondoeni tope kwa jembe, mlifukie mbali na maji. Osheni kwa sabuni, kisha kwa dawa. Chemsheni maji. Tupeni chakula kilicholowa. Fukieni mizoga. Kausheni kwa upepo, si kwa mkaa. Mwendeeni mganga kwa jeraha na kwa kuhara pasipo kukawia. Wala mtu asifanye kazi hii peke yake. Awepo mwingine nje, atakayesikia sauti yake ukuta ukianguka. Nyumba ya mjane na ya mzee asiyejiweza isafishwe na vijana wa kijiji kabla ya nyumba za wenye nguvu, kwa kuwa uchafu uliobaki katika nyumba moja hurudi katika nyumba zote kwa njia ya kisima.

Watu wa London ya mwaka 1849 hawakuwa na wa kuwaambia. Wazazi wa Vienna hawakuwa na wa kuwaambia, wala majeruhi wa mwezi wa Agosti 1914. Sisi tumeambiwa, na waliotuambia ni wao, kwa vifo vyao. Mwenye kusikia habari hizi na amsomee jirani yake asiyejua kusoma, kabla ya masika kuanza, wakati njia zingali kavu.